Kupima wanga ili kujua kama jani limejitengenezea chakula

Sukari inayotengenezwa na jani kwenye usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, haionekani kwa macho. Kinachoweza kuonekana ni akiba yake. Mchana mimea mingi hugeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa wanga na kuuweka ndani ya kloroplasti, vichembe vya kijani vilivyo ndani ya seli za jani. Usiku wanga huo huvunjwa na kusafirishwa kama sukari. Iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu-nyeusi, na hapo ndipo pa kupimia.

Kazi huanza siku mbili kabla. Chukua mmea wa chunguni wenye majani mapana na laini, haibiskasi kwa mfano, uuweke kwenye giza totoro kwa saa 48 ili umalize akiba ya zamani. Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa jani lote likibadilika rangi: iodini haitofautishi wanga wa jana na wa leo. Kabla ya kuendelea, chuma jani moja ulipime. Likitoa bluu, mmea urudi gizani.

Sasa funika sehemu ya jani lililo bado mtini kwa foili, juu na chini, maana mwanga hupenya hata kwa chini. Bana kwa kibanio bila kuponda. Uache mmea juani saa 5 au 6.

Chuma jani, toa foili, na uchore palipokuwa pamefunikwa. Lichovye dakika 1 kwenye maji yanayochemka: seli hufa, utando wake hulegea, na iodini hupata njia. Kisha zima moto kabisa. Si suala la kujadili, kwa sababu mvuke wa ethanoli hushika moto upesi. Tia jani kwenye neli yenye ethanoli ya asilimia 90, usimamishe neli ndani ya yale maji ya moto. Ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, kwa hiyo joto lililobaki linatosha. Baada ya dakika 5 hadi 10 ethanoli huwa kijani, jani huwa jeupe na hukatika kama karatasi kavu. Lisuuze kwenye maji ya vuguvugu lilainike. Litandaze kwenye sahani nyeupe, udondoshee iodini, usubiri dakika 2.

Palipopata mwanga pageuke bluu-nyeusi. Palipofunikwa pabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe.

Rangi ikiwa ya matope, klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, haikutoka yote: badilisha ethanoli, urudie. Mabakamabaka mara nyingi hutokana na nta ya majani magumu, inayozuia iodini kupenya. Jani la kitunguu litakudanganya, kwani huhifadhi sukari badala ya wanga. Hukaa kahawia ingawa linafanya kazi vizuri.

Ukitaka kuonyesha umuhimu wa klorofili, tumia jani lenye madoa meupe na ulichore kwanza, kwani baada ya ethanoli lote litakuwa jeupe. Kwa umuhimu wa kabonidayoksaidi, funga tawi ndani ya mfuko angavu pamoja na kikopo cha myeyusho wa potasiamu haidroksaidi, unaofyonza gesi hiyo (huunguza ngozi, vaa glavu), na tawi la pili kwenye mfuko kama huo wenye kikopo cha maji. Bila mfuko huo wa pili, huwezi kujua kama kilichozuia wanga ni ukosefu wa gesi au joto la mfukoni.