SOMO: Kufuatilia homa ya nguruwe porini, tuanze na mizoga

Wafugaji wa Magu na Busega mnaopakana na pori, somo hili ni lenu hasa. Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu, lakini haina tiba na inaweza kumaliza banda zima.

1. Tafuta mizoga. Hapa ndipo penye kazi. Ulaya, virusi hupatikana zaidi kwa nguruwe mwitu waliokutwa wamekufa kuliko waliowindwa wakiwa wazima. Ubelgiji waligundua ugonjwa kwenye mizoga mwaka 2018, wakaweka uzio, wakasaka mizoga msituni, na mwaka 2020 wakatambuliwa kuwa huru. Hakuna banda hata moja lililoambukizwa! Basi waambieni wachungaji na wakata kuni: nguruwe pori wetu kwa kawaida hubeba virusi bila kuugua kama wale wa Ulaya, lakini aliyekufa bado ni habari, asipitwe tu.

2. Usiguse, usichune. Kimeta, ambacho humpata hata binadamu, nacho huua wanyama pori, na damu puani haikuambii ni ugonjwa gani. Piga picha, chukua lokesheni kwa simu, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

3. Sampuli achukue mtaalamu. Wengu, tezi au damu, zikae kwenye baridi hadi maabara ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

4. Buti. Sugua matope kwa brashi na sabuni kwanza, ndipo upake dawa ya kuua virusi. Dawa juu ya tope ni hasara tupu.

MASWALI

*Magu:* Daktari, ngiri tunawaona wazima kila siku. Wana shida?

Ndiyo. Ngiri hubeba virusi bila kuugua, na papasi wa kwenye mashimo yao huvitunza muda mrefu. Banda likae mbali na mashimo hayo, na liwe na uzio imara.

*Misungwi:* Mzoga ukibaki mifupa si tumeshachelewa?

Hapana, ndugu yangu. Uboho wa mfupa mrefu bado hupimika. Toa taarifa.

*Igoma:* Mimi niko mjini, pori silijui. Linanihusu nini?

Kwako mlango ni makombo ya kitimoto. Virusi hukaa miezi kwenye nyama iliyogandishwa. Usiwalishe makombo yenye nyama. Na nguruwe wakianza kufa, jamani, msiwauze haraka haraka kwa mchinjaji. Ninaumia sana nikiliona hili, kwa sababu nyama hiyo ndiyo inayoupeleka ugonjwa kwa jirani aliyefunga banda lake vizuri.