Miche ya mrehani ikisongamana, igawe mapema

Mbegu ya mrehani ni ndogo mno. Ukichota kwa vidole viwili umebeba makumi. Ndiyo maana vitalu vingi vya huku Tengeru na Usa River huota kichaka: miche myembamba, imepauka, kila mmoja unatafuta mwanga juu ya mwenzake. Chini hewa haipiti, udongo haukauki, na hapo ugonjwa wa kinyausi huingia. Shina linalainika usawa wa udongo, mche unalala.

Igawe ikifikisha majani halisi mawili hadi manne, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza yenye umbo la nusu duara. Mimi mwaka juzi nilichelewa nikisubiri mvua za vuli. Mashina yakawa kama uzi, na mengi yakanikatikia mkononi. Bado inaniuma.

Mwagilia kitalu saa moja kabla. Usivute mche. Penyeza mpini wa kijiko chini ya mizizi, inua bonge zima, uliweke juu ya gunia bichi. Mizizi ikiwa imefumana, litumbukize bonge kwenye bakuli la maji ulitikise polepole. Udongo utadondoka na mizizi itaachiana yenyewe. Kisha shika jani, kamwe usishike shina. Jani likichanika mche utatoa jingine, ila shina likibonyea, mche huo umekwisha.

Fanya kazi hii kuanzia saa kumi jioni. Acha sentimita 20 hadi 30 kati ya mche na mche, mwagilia papo hapo, kisha uwekee kivuli cha majani ya mgomba kwa siku tatu au nne. Mwezi wa sita na wa saba, Arusha mjini na miinuko ya Meru, baridi huudumaza mrehani. Walioko Moshi tambarare wana nafuu.

Giligilani usiihamishe hata kidogo. Ina mzizi mkuu mmoja unaozama chini, na ukiusumbua mmea hukimbilia kutoa maua. Isie moja kwa moja tutani, ukikumbuka kuwa kila punje ina mbegu mbili ndani, hivyo hujisonga yenyewe. Ikibanana, ipunguze kwa mkasi usawa wa udongo, bila kung'oa, ibaki sentimita 5 hadi 8 kati ya mmea na mmea. Ulizokata zioshe, uzikatie kwenye kachumbari ya jioni hiyo hiyo.