Papa moma akinasa kwenye ndoana yako

Nilijifunza kuvua kwa fimbo kwenye miamba ya False Bay, karibu na Cape Town. Wenzangu walikuwa na mazoea: papa mdogo akila chambo, anatupwa nyuma kwenye mawe makavu afie huko. Mwizi, walisema. Nami nilifanya hivyo zaidi ya mara moja, na bado inaniuma. Siku hizi hufanya hivi.

Kabla hujarusha mshipi, chukua koleo ulaze ule mwiba wa nyuma wa ndoana hadi ushikamane na chuma. Dakika moja tu, nayo itamwokoa samaki baadaye. Kisha jaza ndoo maji ya bahari, uiweke kivulini.

Kumtambua papa moma si kazi. Ni mwembamba, kwa kawaida hazidi sentimita 60, kichwa bapa, na mgongoni ana mabaka ya rangi ya udongo mwekundu yenye kingo nyeusi na vidoa vyeupe. Mabaka hayo ndiyo yaliyompa jina la nyoka moma. Wataalamu humwita Haploblepharus edwardsii. Ukimtoa majini hujikunja mduara, mkia ukaziba macho. Kwa Kiafrikaans huitwa skaamoog, jicho la haya. Mimi naona ni hofu.

Hapo ndipo wengi hukosea: humkunjua kwa nguvu, au humning'iniza kwa mkia. Usifanye hivyo. Lowesha mikono, mtie ndani ya ndoo jinsi alivyo, umwache. Akihisi maji atajikunjua mwenyewe. Sasa mshike taratibu nyuma ya kichwa, kiganja kingine chini ya tumbo. Huenda akakuzungushia mkia kwenye kifundo cha mkono, na ngozi yake inakwaruza kama msasa, vumilia. Ndoana ikiwa pembeni mwa mdomo, irudishe kwa njia ileile iliyoingilia. Akiwa ameimeza, usichokonoe: kata mshipi karibu kabisa na mdomo.

Nasisitiza haya kwa sababu samaki huyu anaishi pwani ya Afrika Kusini peke yake, na mwaka 2020 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Huchukua miaka kama 7 kukomaa, na jike hutaga mayai 2 tu kwa mkupuo, kila moja ndani ya kifuko kinachofungwa kwenye mimea au viumbe vya sakafuni mwa bahari. Wakubwa wakifia mawemawe, pengo lao halizibiki upesi.

Kumrudisha nako kuna namna yake. Usimrushe. Sili wa huku, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, humchezea, wakimtupa hewani na kumng'ata, na shakwe nao humdonoa. Shuka hadi penye maji tulivu kati ya mwani, mzamishe mkononi mwako, kisha legeza vidole. Mara nyingine hukaa hapo kiganjani kidogo, akipumua, kabla hajateleza kuingia kwenye ufa wa mwamba. Nami husubiri hadi mkia upotee ndani.