Somo: Kukodi kampuni ya kuhamisha vyombo kutoka Dar kwenda Dodoma

Wakuu, habari za leo. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, familia nyingi zimefunga virago na kushika barabara ya Morogoro, na bado watu wanaendelea kuhama. Mimi nimehamisha vyombo kwa njia hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilikodi fuso nililotafutiwa na dalali, nikaumia. Mara ya pili nilitafuta kampuni inayofanya kazi hiyo tu, na hata glasi haikupasuka. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye karatasi tulizoandikiana kabla gari halijafika, na hizo ndizo nataka kuzieleza.

Hatua ya 1: Andika orodha kabla ya kumpigia mtu simu

Chukua daftari, pita chumba kwa chumba. Usiandike "vyombo vya sebuleni". Andika "friji ya milango miwili, ina mkwaruzo ubavu wa kushoto". Andika "kabati la mninga, vioo vinne vizima". Piga picha kila kitu kikubwa, na runinga iwashe uirekodi video ikiwa inafanya kazi. Siku ya kubishana, picha ndiyo itakayokusemea.

Hatua ya 2: Waje waone

Anayekutajia bei kwenye simu bila kuuona mzigo, mwache. Anayeijua kazi atakuja nyumbani, ataangalia ngazi ni ngapi, mlango una upana gani, na kama kenta inafika getini au mzigo utabebwa mgongoni kutoka barabara kubwa. Mtaa mmoja wa Manzese au Tandale unaweza kuongeza saa mbili za kubeba. Mweleze na upande wa pili: maeneo mapya ya Dodoma barabara nyingi za mitaani ni za udongo, na mvua za kule huanza kama Desemba mpaka Aprili. Fuso lililojaa likizama mita mia mbili kabla ya nyumba yako, lazima mjue mapema gharama ni ya nani.

Ita kampuni tatu, uwape wote orodha ileile. Ukiwapa orodha tofauti huwezi kulinganisha bei.

Hatua ya 3: Mkataba

Hapa ndipo nilipoumia. Mara ile ya kwanza tulikubaliana bei kwa mdomo. Tukafika Dodoma saa nne usiku, watoto wamelala kwenye viti, dereva akazima gari getini akasema, "Bosi, ile bei ilikuwa ya gari. Kushusha ni hela nyingine." Mzigo uko juu, funguo anazo yeye. Nililipa. Na kabati la mninga aliloniachia marehemu mama lilishuka likiwa na mfereji kwenye kona: kamba ya manila ilikazwa moja kwa moja kwenye mbao bila hata kipande cha boksi chini yake, na kwa kilomita 450 za mtikisiko ikala mbao kama msumeno. Mfereji ule upo mpaka leo, nikiufuta vumbi naukumbuka usiku ule.

Kwa hiyo mkataba useme bei inabeba nini: kufungasha, maboksi, fundi wa kufungua na kufunga vitanda, makuli wa kupakia NA wa kushusha, mafuta, turubai. Useme kama gari ni lako peke yako au mzigo unachanganywa na wa watu wengine. Useme siku ya kufika.

Bima iulizie kwa jina lake, bima ya mzigo. Watu wengi wanaonyeshwa stika ya bima ya gari wanaridhika. Bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine unaowagonga, hailipi mzigo uliobebwa, na hata bima kubwa ni ya gari lenyewe. Kama hawana bima ya mzigo, waandike watalipaje kikivunjika kitu.

Malipo yawe kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke mkononi mwako vyombo vikishashuka na kukaguliwa. Anayedai zote kabla ya kuondoka Dar, tafuta mwingine. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), ona leseni ya biashara, piga picha namba ya gari na leseni ya dereva.

Hatua ya 4: Kufungasha

Hata kama wanafungasha wao, simama uone. Sahani zisimamishwe kama vitabu, zisilazwe. Vitabu viingie maboksi madogo, mablanketi maboksi makubwa. Skrubu za kitanda zitiwe kwenye mfuko na ufungwe kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Kila kona ya mbao iwekewe boksi au blanketi kabla ya kamba. Mashine ya kufulia ya kufungulia mbele irudishiwe zile boliti zake za kusafirishia. Runinga isafiri imesimama.

Vyeti, hati, dhahabu na dawa unabeba mwenyewe. Mtungi wa gesi usiuchanganye na magodoro. Waulize kama wanaubeba, wengi hukataa na wana haki.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kaa mlangoni na orodha, kila kitu kikitoka tia alama, mwishoni msaini wote wawili. Familia ikipanda treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu mwaka 2024, itatangulia kabla ya lori. Ila muwe na chandarua, mashuka na sufuria moja kwenye begi, maana lori likichelewa mtalala sakafuni.

Maswali ya wanachama

*Mbagala: Nina chumba na sebule tu, nakwenda Kigamboni. Kampuni ya nini?*
Huna haja nayo, mkuu. Kirikuu moja na vijana wawili wanatosha. Lakini orodha andika, na bei ya kushusha itajwe kabla.

*Kimara: Friji ikifika naiwasha baada ya muda gani?*
Izime siku moja kabla ya safari ikauke barafu. Ikisafiri imesimama, iache saa chache. Ikilazwa, dada, iache mpaka kesho yake, mafuta yarudi kwenye kompresa. Ukiwasha haraka unaweza kuiua.

*Ilazo: Nilisaini nimepokea vyote, asubuhi nikakuta seti ya glasi imevunjika. Nina haki?*
Piga picha boksi kama lilivyo, glasi ziache ndani, waandikie leo hiihii. Itakuwa ngumu kwa sababu ya saini yako. Siku nyingine juu ya saini andika: "Nimepokea maboksi 14, sijayafungua."

*Tegeta: Makuli wapewe kitu juu ya malipo?*
Hailazimishwi na isidaiwe. Mimi mara ya pili niliwapikia wali na maharage saa saba mchana kabla hawajagusa kabati la mama. Wakalibeba wanne, taratibu, wakaniuliza liwekwe wapi.