Jinsi ya kukusanya maoni ya wakazi na kuomba fedha za kuboresha bustani ya jiji

Bustani nyingi za umma zinachakaa huku watu wanaozipenda wakizitazama. Wanaojali wapo. Tatizo ni kwamba wanafika halmashauri bajeti ikiwa imeshafungwa, au wanafika na orodha ndefu ya matakwa isiyo na hesabu hata moja. Mwongozo huu ni kwa kikundi cha wakazi kinachotaka kuomba fedha za jiji kwa ajili ya bustani yao, na kinataka ombi hilo libebe sauti ya mtaa mzima, si ya watu watano wenye nafasi ya kuhudhuria vikao.

Mara ya kwanza niliposhiriki kazi hii tulishindwa. Tulikusanya sahihi, kurasa kwa kurasa, tukazipeleka kwa matumaini makubwa. Tukajibiwa mambo mawili: fedha za mwaka unaofuata zimeshapangwa, na sahihi zetu hazisemi tunataka nini. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyojifunza baada ya hapo.

Hatua ya kwanza: jua bustani ni ya nani, na fedha zinatoka fungu gani

Usidhani kila penye miti na mabenchi ni mali ya jiji. Eneo linaweza kuwa la serikali kuu, la shule, la mamlaka ya barabara au la mtu binafsi aliyeruhusu watu kulitumia. Ulizia idara ya mipango miji au ofisi ya ardhi, upate jibu kwa maandishi. Ombi likipelekwa kwa asiyemiliki, litapigwa danadana mpaka mwaka uishe.

Kisha uliza kuhusu mafungu. Fedha za maendeleo hujenga: njia, taa, choo, uzio. Fedha za matumizi ya kawaida hulipa mfagiaji, maji, umeme na fundi wa bembea. Mara nyingi mafungu haya hayachanganywi, na kila moja lina mkuu wake. Nje ya bajeti yenyewe huwa kuna michango inayotozwa waendelezaji wa majengo, mikopo ya hati fungani (jiji hukopa kwa kuuza hati za deni) na misaada ya wafadhili, na kila chanzo kina masharti yake. Fedha iliyokopwa kwa ajili ya ujenzi, kwa kawaida, haiwezi kumlipa mlinzi mshahara. Jua hilo kabla hujaanza kuwaahidi watu.

Hatua ya pili: pata tarehe tatu

Omba tarehe ya mwisho ya idara kupeleka mapendekezo yake, siku ya kikao cha kusikiliza maoni ya umma, na siku ambayo baraza la madiwani hupitisha bajeti. Wengi huijua ya pili tu kwa sababu ndiyo inayotangazwa. Iliyo muhimu zaidi ni ya kwanza. Rasimu ikishatoka idarani, kila shilingi ina mwenyewe, na ukitaka yako iingie lazima ya mwingine itoke. Anza na tarehe hiyo na uhesabu kurudi nyuma. Jipeni miezi minne ya kazi, mitano kama kikundi ni kidogo.

Kama jiji lako lina bajeti shirikishi, basi kuna kalenda nyingine pembeni. Utaratibu huu ulianzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989, ukasambaa duniani; New York iliuanza mwaka 2011 na Paris mwaka 2014. Wakazi huleta mawazo, idara huchuja yanayowezekana, kisha watu hupiga kura. Hapo wazo lako linapaswa kutosha katika sentensi moja na kutaja mahali hasa: si "taa bustanini" bali "taa kwenye njia inayotoka lango la kusini hadi kituo cha basi".

Hatua ya tatu: iangalie bustani kabla hujamuuliza mtu yeyote

Chora jedwali dogo: saa, idadi ya watu, umri wa kukadiria, wanawake na wanaume, wanafanya nini, wako upande gani. Hesabuni asubuhi, mchana, jioni na usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Mtu mmoja asitosheke na saa moja ya Jumamosi akadhani ameiona bustani.

Wanaoonekana ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni wasiokuwepo. Katika miaka ya 1990 jiji la Vienna liligundua kwamba wasichana hupotea bustanini wakishavuka umri wa miaka tisa hivi, ilhali wavulana wanabaki. Hawakuwa wamechoka kucheza. Uwanja ulikuwa mmoja tu, ulio wazi, na aliyekuwa na nguvu ndiye aliyeutawala. Jiji likarekebisha bustani kadhaa, likaweka njia nyingi zaidi, michezo ya aina tofauti na sehemu ndogondogo za kukaa, na wasichana wakarudi. Hayo usingeyapata kwenye dodoso linalojazwa getini na waliomo ndani.

Hatua ya nne: uliza, na uulize vizuri

Hapa ndipo ombi linapopata nguvu au linapofia, kwa hiyo tusiharakishe.

Usianze na swali "Unataka nini?" Mtu akiulizwa hivyo hutaja alichokiona mahali pengine: bwawa la kuogelea, chemchemi, uwanja wa kisasa. Anza na maisha yake. Mara ya mwisho ulikuja hapa lini? Ulifanya nini? Ulikaa muda gani, na kwa nini uliondoka? Kama huji, nini kinakuzuia? Epuka pia swali lililobeba jibu lake. Ukiuliza "Je, unakubali kwamba bustani yetu inahitaji taa?" kila mtu atasema ndiyo, na hujajifunza chochote. Uliza hivi: "Ukirudi nyumbani usiku, unakatiza bustanini au unazunguka nje? Kwa nini?" Jibu la swali hilo litakuambia taa ziwekwe wapi, au pengine litakuambia kwamba shida si giza bali ni vichaka vilivyoota hadi njiani.

Dodoso lisizidi ukurasa mmoja, na liwe katika lugha ambayo watu wa mtaa huo wanaongea. Usichukue namba za vitambulisho wala majina kamili. Rika na mtaa anakotoka vinatosha. Mtu akiogopa kwamba karatasi yake itamfuata, hatasema ukweli.

Wafuate watu waliko. Kikao cha saa tisa alasiri siku ya kazi kitakuletea wastaafu na wanakamati, basi. Nendeni kituo cha basi, mlango wa shule watoto wanapotoka, zahanati, nyumba za ibada baada ya sala. Waulizeni watoto wenyewe. Wape karatasi wachore mahali wanapopenda na mahali wanapoogopa. Na msiwasahau wafagiaji, watunza bustani na walinzi. Hao wanajua bomba gani linavuja na benchi gani huvunjwa kila mwezi, lakini ni nadra mtu kuwauliza.

Nitatoa mfano mmoja. Kwenye lango la bustani tuliyokuwa tukiihangaikia kulikuwa na bomba la chuma lililolazwa kiasi cha kufika magotini, kuzuia pikipiki. Wanakamati sote tuliliruka kila siku bila kulifikiria. Siku tuliyosimama nje ya zahanati ya jirani, mzee mmoja mwenye kiti cha magurudumu alituambia kwamba ameishi mtaa huo miaka mingi na hajawahi kuingia bustanini hata mara moja. Huishia kwenye bomba lile, akawaangalia wajukuu wake kwa mbali. Kulibadilisha lango hilo kulikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yetu. Kabla ya siku hiyo, hakikuwa kwenye orodha.

Ukishajua shida za watu, weka fedha mezani. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote. Mwambie kila mtu kiasi kinachoweza kupatikana, kisha mpe vipande kumi vya karatasi, au mbegu kumi, vinavyowakilisha kiasi hicho. Bandika picha za mapendekezo pamoja na bei yake kwa vipande: choo sita, taa nne, ukarabati wa njia tatu, miti na maji ya kumwagilia viwili. Sasa ngoja. Utamwona mama akishika vipande vyake sita juu ya choo, akavirudisha, akamgeukia jirani yake wakaanza kujadiliana. Mazungumzo hayo yaandikwe, kwa sababu ndiyo maoni yenyewe. Mtu akishalazimika kuchagua, anakupa sababu, na sababu ndizo zinazomshawishi diwani.

Andika na wanaopinga. Aliyejenga karibu na uwanja wa michezo anahofia kelele. Mwenye kibanda anahofia kwamba "maboresho" maana yake ni kufukuzwa. Hofu hizi zina haki ya kuwemo kwenye ripoti, pamoja na mnachopendekeza kuzihusu. Mkizificha zitawaibukia kwenye kikao cha hadhara, mbele ya watu wote.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliuchora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi ya vidato vinane. Kuombwa maoni ni kidato cha nne tu kutoka chini, kwa sababu anayekuuliza hajajifunga kukufuata. Basi mkikusanya maoni, waambieni watu wazi: sisi tunaomba, anayeamua ni baraza. Msiahidi msichonacho.

Hatua ya tano: fanya hesabu ya kujenga na ya kutunza

Kwa kila pendekezo tafuta makadirio ya mafundi wawili au watatu, au omba idara ya uhandisi iwape bei zake za karibuni. Ongeza asilimia 10 hivi ya dharura. Kisha jaza safu ambayo wengi huiacha wazi: kila mwaka kitagharimu kiasi gani, na nani atalipa? Choo bila mhudumu na bila bili ya maji hufungwa kwa kufuli miezi michache baada ya kuzinduliwa. Miti isiyomwagiliwa msimu wa kwanza hukauka. Pendekezo dogo lenye fungu la matunzo nitalitetea kuliko kubwa lisilo nalo, na watu wa hazina nao hulisikiliza zaidi.

Jumla ikizidi, gawa kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe kitu kinachojitegemea, ili hata kama ya pili haitakuja, watu wawe na kitu cha kutumia.

Hatua ya sita: andika ombi

Kurasa mbili, na viambatanisho nyuma. Ombi litaje bustani na mipaka yake, maoni yalikusanywa lini, wapi na kwa njia gani, walioulizwa walikuwa wangapi na ni akina nani kwa rika na mtaa, vipaumbele vitatu kwa mpangilio, gharama, na fungu mnaloomba. Usizungushe maneno. Aya ya kwanza inaweza kuwa hivi:

"Sisi wakazi wa mitaa inayoizunguka bustani hii tunaomba idara iingize kwenye rasimu ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha ukarabati wa lango la kusini na njia yake, kwa gharama iliyoonyeshwa kwenye kiambatanisho A. Pendekezo hili lilichaguliwa na wakazi tuliowahoji kati ya tarehe tajwa hapo chini, baada ya kulinganishwa na mengine matano."

Viambatanisho ni jedwali la hesabu ya watumiaji, muhtasari wa majibu, hofu za wanaopinga na sababu zao, bila majina, makadirio, na picha. Picha moja ya karibu ya ufa kwenye ngazi inasema zaidi kuliko kumi za bustani nzima.

Hatua ya saba: wasilisha, kisha fuatilia

Peleka nakala mbili. Moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Andika namba ya jalada. Mpe na diwani wako nakala, lakini asiwe yeye peke yake aliye nayo.

Kwenye kikao cha kusikiliza maoni mtapewa dakika chache. Msisome ombi. Mchague anayeishi na shida yenyewe aseme, mwingine ataje kiasi na fungu, mkae. Sisi mara ya pili tulimpa mzee wa zahanati kipaza sauti.

Majibu yakija, yawe ya maandishi. Mkikataliwa, ombeni sababu, maana ndiyo itakayoongoza ombi la mwaka ujao. Mkikubaliwa, kumbukeni kwamba fedha iliyopitishwa bado si fedha iliyotolewa: uliza kila robo mwaka kama imetoka, kama zabuni imetangazwa, kama mkandarasi ameoneshwa eneo.

Na kwa vyovyote vile, rudini kwa watu mliowauliza. Bandikeni karatasi moja langoni, kwa herufi kubwa: mlituambia nini, tuliomba nini, tumejibiwa nini, na tarehe ya kikao kijacho. Ikinyeshewa, bandikeni nyingine.