Kutunza Betri ya Gari na Kuichaji kwa Usalama

Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, betri nyingi hazifi kwa uzee bali kwa joto na kwa kuachwa zikae na chaji pungufu. Betri ya kawaida ya madini ya risasi na asidi ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti (chumvi ya risasi) hujijenga juu ya sahani za risasi zilizo ndani yake na kugeuka kuwa ngumu, na hapo hata chaja nzuri haiwezi kuiondoa yote. Kwa sababu hiyo, gari linaloegeshwa wiki nzima na kutoka Jumapili tu kwa safari fupi linahitaji uangalizi zaidi kuliko gari linalotembea kila siku.

Anza kwa kupima. Mita ya volti si kifaa cha fundi peke yake, na kila mwenye gari angefaidika kuwa nayo. Pima asubuhi kabla ya kuwasha injini: betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, iliyobaki nusu husoma takriban 12.2, na ikishuka chini ya 12 ichajiwe bila kuchelewa. Kisha washa injini upime tena. Kwenye magari mengi kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, kagua alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka), mkanda wake na nyaya kabla hujatoa fedha kununua betri mpya, kwa maana hiyo mpya nayo itaisha vilevile.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita, kwa hiyo usafishe mara uuonapo. Zima gari, kisha ufungue waya wa hasi kwanza. Magari mengi ya Kijapani hutumia spana namba 10. Utaratibu huu una sababu: ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi itapiga shoti na kutoa cheche kali juu ya betri yenyewe. Sugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa katika maji ya magadi, ukihakikisha vifuniko vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kisha paka grisi.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, maji yafunike sahani zote na yafike kwenye alama. Ongeza maji yaliyokenekwa (distilled water) tu, kamwe usiongeze ya bomba. Soma kibandiko cha chupa kwa makini, kwa kuwa baadhi ya maduka huweka maji ya betri na asidi ya betri kwenye rafu moja. Kinachopungua katika matumizi ya kawaida ni maji, asidi hubaki. Ukijazia asidi unaikoleza, nayo italika sahani. Jazia baada ya kuchaji, isipokuwa sahani ziko wazi, ambapo utatia maji ya kuzifunika tu.

Kuchaji ndiko kwenye hatari kubwa. Betri inapokaribia kujaa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo haionekani wala hainuki, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Chajia mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto, wala usichajie katika chumba cha kulala. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu, na uvue pete na saa ya chuma. Chaja ikiwa imezimwa, bana kibanio chekundu kwenye chanya, kisha cheusi kwenye hasi. Kama betri imo ndani ya gari, kibanio cheusi kishike chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima umeme kwanza, ndipo utoe vibanio.

Usiharakishe. Kiwango salama ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri, yaani karibu ampea 4.5 kwa betri ya ampea-saa 45. Betri ikipata moto, ikivimba au ikitoa harufu ya yai viza, zima umeme kwenye soketi na usiiguse mpaka ipoe. Betri za AGM (ambazo asidi yake imefyonzwa na mikeka ya nyuzi za kioo), zilizomo kwenye magari mengi ambayo injini hujizima yenyewe kwenye foleni, zinahitaji chaja yenye mpangilio wake.

Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani kutafuta risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu jirani nao. Isafirishe ikiwa imesimama wima na uirudishe kwa muuza betri anayezipokea.