Chess: kuokoa droo ya ngome (rook) kwa ngome mbele ya mzee wa turnamenti

Ukikaa na wazee wa kundi la miaka 65+ usitegemee watachoka ukashinda kirahisi, Korchnoi, yule grandmaster wa zamani, alibeba ubingwa wa dunia wa wakongwe 2006 akiwa na miaka 75 bwana. Wengi wao wanapenda kubadilishana kete mapema mbaki na ngome ngome, yeye ana askari (pawn) mmoja zaidi, hapo ndo unakamuliwa taratibu.

Sasa fanya hivi: mfalme wako mweke mbele ya askari wake, asitoke hapo. Ngome yako ipeleke mstari wa tatu kuhesabu kutoka upande wako, ipite pite tu kulia kushoto, mfalme wake hapiti. Atasubiri, we subiri pia. Akichoka akasukuma askari mpaka kwenye mstari huo, hapohapo rusha ngome mwisho kabisa wa ubao upande wake uanze kumpa mfalme wake cheki kutoka nyuma, hana tena pa kujificha.

Kama saa inaongeza sekunde 30 kila muvu, andika muvu zote hata dakika zikiisha. Na usiguseguse kete, ukigusa unacheza hiyohiyo.